Mgongo wa Mama Mkwe

Pikipiki yetu ilinunuliwa kwa ajili ya ndizi. Mume wangu huzifuata Kinole, juu kwenye milima ya Uluguru, huzishusha hadi Bigwa tunakoishi, na kesho yake alfajiri zinakuwa sokoni Morogoro mjini. Ni pikipiki ya cc 150, ya aina ileile inayojipanga kwa safu pale Msamvu ikisubiri abiria, ila ya kwetu ina keria ya chuma iliyochomelewa nyuma, na imekwishabeba kila kinachobebeka: mikungu, magunia ya mkaa, mabati, mbuzi wa maulidi, wagonjwa. Njia ya Kinole ina mawe na mifereji iliyochimbwa na maji, na masika yakianza utelezi wake humteremsha hata dereva mzoefu akasukuma. Kwa muda wote huo injini ilibadilishiwa oili, cheni ikapakwa grisi, tairi zikazibwa pancha. Shokapu hazikuguswa na mtu.

Aliyetufanya tuzitazame ni mama mkwe. Anaishi hukohuko Kinole, mgongo unamsumbua, na tarehe yake ya kliniki ikifika mwanawe humleta mjini. Siku hiyo aliteremka mlangoni, akajishika kiuno, akakaa kwenye baraza bila kusema neno mpaka nilipomletea maji. Alipokwisha kunywa akamgeukia mwanawe.

"Baba," alisema, maana humwita hivyo kwa kuwa ana jina la babake, "mimi si mkungu wa ndizi."

Mume wangu hakujibu. Alikwenda nyuma ya pikipiki, akashika keria kwa mikono miwili, akaikandamiza chini kisha akaachia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikaendelea kuchezacheza hadi ilipochoka yenyewe. Shokapu nzima haifanyi hivyo. Ukiikandamiza inarudi mara moja na kutulia. Springi kazi yake ni kubeba, na ikiachwa peke yake itakurusha. Kinachoituliza ni oili iliyo ndani ya bomba: pistoni inapopanda na kushuka, oili inalazimika kupenya kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya ule mtikisiko inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukiteremka mlima mrefu kisha ukagusa shokapu nzima, utaikuta imepata moto. Za kwetu zilikuwa baridi kabisa, na chini ya kila moja palikuwa na oili nyeusi iliyogandamana na vumbi. Zilikwisha kufa zamani. Mama alikuwa amekalia springi tupu.

Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika mwezi huo. Mimi ni fundi cherehani, na fedha ile nilikuwa nimeipangia mashine ya ovaloki. Nilimpa mume wangu yote, na sikuona uchungu. Ovaloki inaweza kungoja; mgongo wa mtu mzima haungoji.

Alirudi jioni akiwa na furaha ambayo sijaiona tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe. Shokapu zenyewe zilikuwa za gesi, springi zake nyekundu, zina kichupa pembeni. Gesi ile ni naitrojeni. Inaibana oili ili isitoe povu inapopata moto, kwa sababu oili yenye povu haizuii kitu. Ni ufundi mzuri, na sina ugomvi nao. Lakini nilipozilaza mezani kando ya ile moja ya zamani aliyoifungua kwenda nayo dukani kama sampuli, niliona tofauti bila kupima. Kisha nikapima, maana futi haitoki shingoni mwangu. Ya zamani, kutoka tundu la juu hadi tundu la chini, sentimita 32. Mpya, 36.

"Muuzaji kasema ndefu ndizo za milimani," alisema.

Mvua ilikuwa ikinyesha, na sisi hatuna banda la gari. Pikipiki ikaingizwa sebuleni. Meza ikasukumwa ukutani, watoto wakapelekwa chumbani, zulia likakunjwa, na mama mkwe, aliyekuwa akilala kwetu hadi mvua ipungue, akaketi kwenye kochi na khanga yake mabegani kutazama. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja na spana zake ndani ya mfuko wa sementi: namba 14, namba 17, spana malaya, bisibisi mbili na nyundo.

Nyuma kulianza vizuri. Shokapu hufunguliwa moja, ikafungwa mpya, ndipo inafunguliwa ya pili, ili mkono wa chuma unaoshika tairi usibaki unaning'inia. Shemeji alilijua hilo. Kilichomshinda ni urefu. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi yake kubwa, tairi ya nyuma iko juu ya sakafu kidogo tu, na ili tundu la chini la shokapu mpya lilingane na bolti yake ilibidi ya zamani iliyobaki ifunguliwe, tairi ishuke zaidi. Ikashuka mpaka ikagusa sakafu, na bado tundu halikulingana. Wakainua stendi, wakapachika kipande cha ubao chini yake. Bado. Wakaongeza kipande cha pili. Hatimaye bolti ikaingia kwa nyundo, na vibao vilipoondolewa stendi kubwa ikawa haina kazi tena: tairi zote mbili zilikuwa zimekaa sakafuni. Mama mkwe ndiye aliyeliona hilo kwanza. "Sasa mtaitengenezea wapi pancha?" aliuliza. Ni swali zuri sana, na halikujibiwa usiku ule.

Umeme ulikatika walipohamia mbele. Mbele hakuna shokapu za kuchomoa. Kuna mabomba mawili yanayoshika tairi, na ndani ya kila moja mna springi na oili. Mume wangu alikuwa amenunua springi mpya na alitaka kubadilisha oili papo hapo. Shemeji akaomba chombo cha kukingia. Nikamwambia kuna ndoo kuukuu nyuma ya mlango. Katika giza lile mkono wake ukaangukia sufuria yangu ya pilau.

Lakini kabla oili haijamwagika kulikuwa na kifuniko. Kifuniko cha juu cha bomba kina nyuzi, na chini yake springi imebanwa. Anayekifungua hukikandamiza kwa kiganja hadi uzi wa mwisho, kisha akakiachia taratibu. Shemeji alikuwa anazungusha spana huku tochi ya simu ameing'ata mdomoni. Namshukuru Mungu kwamba uso wake ulikuwa pembeni. Uzi wa mwisho ulipoachia, kifuniko kiliruka, kikagonga silingibodi, kikarudi na kutua kwenye picha yetu ya ndoa iliyokuwa juu ya kabati. Kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona. Mama mkwe alisema "Bismillahi!" kwa sauti iliyowatoa watoto chumbani mbio.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, ina maji na ungaunga wa chuma, na oili kuukuu ya shokapu inanuka vibaya kuliko ya injini. Bomba la kulia lilitoa kiasi. La kushoto lilitoa kidogo mno; nyingine yote ilikuwa imevuja kwenye sili iliyochoka. Oili maalumu ya mabomba hawakuwa nayo, kwa hiyo wakamimina ya injini, namba 40, kwa kukadiria kwa macho. Wengi hufanya hivyo mitaani, na pikipiki hutembea. Ila oili ile ni nzito mno kwa vitundu vile, na bomba linakuwa gumu hata kwenye kokoto ndogo.

Asubuhi pikipiki ilisimama uani ikiwa imebinua mkia. Ilipendeza, sikatai. Vijana wa kijiweni walikuja kuisifia. Mama mkwe alipotaka kupanda mguu haukufika, tukamletea kigoda. Akakaa upande, akashika keria, na mwanawe akaondoka naye kwenda Kinole.

Niliyoyasikia baadaye ni haya. Taa ya mbele ilikuwa inaangaza futi chache tu mbele ya tairi, kwa sababu nyuma kulipoinuka, mbele kuliinama. Usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Kwenye changarawe uligeuka kabla dereva hajaamua, na hilo nalo lina sababu yake, maana mabomba ya mbele yaliposimama wima zaidi pikipiki ilipoteza ule utulivu wa kujinyoosha yenyewe. Cheni ikaanza kulia. Shemeji aliikaza pikipiki ikiwa haina mtu, tairi imeshuka. Watu wawili walipokaa, tairi ikapanda, na pale ekseli, mhimili wa mkono wa nyuma na sproketi ya mbele vinapokaribia kuwa mstari mmoja ndipo cheni inapokaza kuliko mahali pengine popote. Walipofika Kiroka mama mkwe alimgonga mwanawe begani, akateremka, akapanda gari lililokuwa linakwenda kupakia ndizi. Jioni alinipigia simu.

"Mwanangu," aliniambia, "ile ya zamani ilinitikisa. Hii inanipiga."

Sijawahi kusikia fundi yeyote akieleza kwa usahihi kuliko hivyo. Ya zamani ilikuwa haina kizuizi. Hii mpya ilikuwa haibonyei.

Usiku huohuo mume wangu aliiegesha uani kwa stendi ndogo ya pembeni. Stendi ile ilitengenezwa kwa kimo cha zamani, na sasa pikipiki iliyoinuka ililala mno upande wake. Udongo ulikuwa umelowa. Tulisikia kishindo, kisha kuku. Ilikuwa imeangukia banda, na mtetea aliyekuwa analalia mayai alitoka salama bila yai hata moja.

Kesho yake mume wangu alikaa kimya. Hakuwa na hasira na muuzaji wala na mdogo wake. Alikuwa amemwahidi mama yake kitu, na kitu hicho kilimgeuka. Nilimwona akizungusha ile pete ya chini ya springi, kurudi na kwenda, bila kujua anatafuta nini. Hapo nikachukua futi na chaki.

Mimi huwa sishoni gauni kwa kumtazama mteja akiwa amelala kitandani. Namsimamisha, nampima, na nguo ikikaribia namvalisha tena, kwa sababu kitambaa kinakaa tofauti juu ya mwili. Nilimwuliza mume wangu: shokapu hizi zilipimwa na nani amekaa juu yake? Tukaweka alama ya chaki kwenye plastiki chini ya siti, juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Shemeji na jirani wakaishika keria wakainyanyua mpaka tairi ikaachana na ardhi, nikapima toka ekseli hadi alama. Wakaishusha, nikapima. Kisha mume wangu akakaa, mimi nikakaa nyuma yake kwa niaba ya mama, maana uzito wetu unalingana, na shemeji akapima. Watu wazima wawili tuliibonyeza sentimita moja na nusu.

Wakati huo alifika mzee mmoja wa mtaani kuchukua suruali niliyompunguzia kiuno. Alikuwa fundi wa pikipiki miaka mingi kabla ya macho kumfifia. Alisimama, akatutazama tukiwa juu ya pikipiki isiyokwenda popote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Imeshuka kiasi gani?"

Tulipomwambia, alitikisa kichwa. Tairi ya nyuma ya pikipiki kama yetu, alisema, ina nafasi ya kupanda na kushuka kama sentimita 11. Watu wakikaa, inatakiwa ibonyee karibu theluthi yake, tatu na nusu hivi. Watu hufikiri nafasi inahitajika kwa ajili ya jiwe tu, ili tairi ipande. Lakini kuna shimo pia, na kwenye shimo tairi inatakiwa iteremke ifuate ardhi. Pikipiki isiyobonyea ikifika kwenye shimo tairi haina pa kuteremkia. Inaning'inia hewani, kisha inatua kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kilichompiga mama. Mume wangu akauliza kuhusu pete. Mzee akamweleza jambo ambalo naamini kila mwenye pikipiki anastahili kulijua: kukaza pete hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi. Springi ni ileile. Unachobadilisha ni mahali inapoanzia kubeba, kwa hiyo unainua au kuishusha pikipiki. Springi zile nyekundu zilitengenezwa kwa chombo kirefu na kizito kuliko chetu, na hata pete ikilegezwa hadi mwisho hazingefaa.

Dukani walikataa kuzirudisha, kwa kuwa kitu kikishafungwa hakirudi. Mzee ndiye aliyemfahamu mtu mwenye pikipiki ndefu ya shambani, akazinunua kwa bei ya hasara kidogo. Fedha ile ilitosha shokapu za kawaida za sentimita 32, zenye oili na pete ya ngazi tano, pamoja na sili mbili na chupa ya oili ya mabomba.

Kazi ya mara ya pili ilifanyika mchana, uani, mvua imepumzika, mzee ameketi kwenye kigoda na kuelekeza. Ninaikumbuka kwa mapenzi. Mabomba yalitolewa yote, yakaoshwa kwa mafuta ya taa mpaka yakatoka safi. Sili mpya zilipakwa oili, zikaingizwa kwa kugongwa taratibu na kipande cha bomba la plastiki la maji, kwa sababu nyundo yenyewe ingezivunja. Mzee, asiyeona vizuri, alichukua pamba akaipitisha kwenye chuma king'aacho, polepole, kote. Kwenye la kulia ilipita. Kwenye la kushoto ikanasa. "Hapa," alisema, na kweli palikuwa na kidonda cha kutu, kidogo kuliko punje ya mtama, kilichokuwa kinaichana sili kila tairi ilipopanda. Kikasuguliwa kwa msasa laini wenye oili. Alituambia wazi kwamba hiyo ni dawa ya muda. Chuma kile kitahitaji kubadilishwa.

Kijitabu cha pikipiki kilitaka mililita 160 kila bomba, na nyumbani hatukuwa na kipimo. Nikatoa chupa ya kunyonyeshea ya mtoto wetu wa mwisho, aliyekwisha kuiacha zamani, yenye mistari ya mililita ubavuni. Mzee alifurahi sana. Ukikosea kidogo kwa mabomba yote mawili, alisema, utasamehewa. Ukikosea kwa moja, usukani utakuambia. Wakamimina, wakayakandamiza na kuyainua taratibu mpaka mapovu yakaisha, kisha wakatumbukiza springi. Juu ya kila springi waliweka kipande cha bomba la plastiki, urefu sentimita mbili, vimekatwa sawasawa, ili mbele kusizame breki inapokamatwa. Safari hii kifuniko kilifungwa chini ya kiganja.

Mzee alituambia kwamba mabomba haya yana umri mkubwa kuliko yeye. BMW waliyaweka, yakiwa na oili ndani, kwenye pikipiki zao za R12 na R17 mwaka 1935, na hadi leo pikipiki nyingi za mizigo na abiria zinatembelea wazo lilelile. Nilipenda kulijua hilo. Mume wangu pia, na sasa humweleza kila mtu.

Tukapima tena. Mume wangu peke yake, pete ngazi ya pili: sentimita tatu. Mimi na yeye, ngazi ya nne: tatu na nusu kasoro kidogo. Cheni ilirekebishwa tukiwa tumekaa juu, ikaachiwa mchezo wa sentimita mbili na nusu. Taa ikarudi barabarani. Stendi kubwa ikainua tairi.

Ndizi ndizo zilizotuletea mjadala. Kwa mzigo wake wa siku zote, hata ngazi ya tano ilizama karibu yote, na kwenye jiwe shokapu iligonga mwisho wake. Hakuna pete itakayotibu hilo. Tulikaa na daftari usiku, tukahesabu bei ya mkungu, bei ya sili, bei ya beringi za rimu ya nyuma zinazokufa kila mara, na mume wangu akakubali kupunguza mzigo. Anapata pungufu kidogo kwa safari. Naona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu aliye juu ya mzigo ule ni yeye.

Kliniki ilipofika tena mama mkwe aliletwa kutoka Kinole mpaka mlangoni bila kuteremka Kiroka. Alipanda bila kigoda. Nilimpelekea chai nikamwuliza mgongo unasemaje.

"Mgongo hausemi," alijibu. "Sasa siti. Chini ya sponji nasikia bati."

Nimekwishafungua siti hiyo. Sponji ya nyuma imelika mpaka imebaki kama kidole unene, na kitako cha bati kweli kinagusa. Nimenunua leza nyeusi na uzi mzito. Mume wangu anataka sponji ya inchi mbili. Nimemkatalia, itampandisha mama juu mpaka mguu usifike tena. Nitaweka ya inchi moja ile ngumu, na juu yake nyembamba laini, kisha nitamkalisha yeye mwenyewe nimpime kabla sijashona.